Chai ya Krismasi ipikwe usiku wake

Chai ya asubuhi ya Krismasi nyumbani kwetu Ilazo, Dodoma, haipikwi asubuhi. Kina dada wa ofisini huniuliza siri yake kila Desemba ikikaribia, na wengi hudhani siri iko kwenye mapishi. Mapishi ya skonzi za mdalasini tunazonywea chai hiyo yamejaa kila mahali, ukitaka mia utapata mia. Kinachosumbua ni saa. Ibada ya kwanza ni saa moja, bafu ni moja, watoto hawaoni soksi zao, na katikati ya yote hayo kuna mtu amesimama mbele ya karai la mafuta anageuza maandazi huku wenzake wanavaa.

Mtu huyo kwa miaka mingi alikuwa mama mkwe. Alikuwa anakwenda ibada ya pili, peke yake, nywele zinanuka mafuta ya alizeti, na hakulalamika hata siku moja. Maandazi, vitumbua, chapati, vyote navipenda, ila vina tabia moja: vinataka mtu asimame navyo mpaka cha mwisho kitoke. Kukanda unaweza kukanda usiku, lakini kukaanga ni asubuhi tu, maana andazi la jana halijifichi. Skonzi za mdalasini ni kazi ya usiku. Unakanda, unasukuma, unapaka, unaviringisha, unakata, unapanga kwenye trei, unazilaza kwenye friji. Asubuhi kazi yako ni kuwasha oveni na kukumbuka kuizima.

Tuko wengi. Wapo wa hapahapa mjini, wapo wa Mpwapwa na Kondoa, wapo wa Dar. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, wa Dar hawaji tena wakiwa wamevunjika migongo kwa basi. Wanapanda tarehe 24 mchana, jioni wako sebuleni na nguvu zao za kusukuma donge. Treni ile ina sifa nyingi, mimi naisifu kwa hiyo.

Vipimo vyangu ni vya kilo moja ya unga wa ngano, unga wa kawaida tu tunaopikia chapati, na hutoka skonzi 24. Naanza na uji. Natoa gramu 50 za ule unga, nakoroga na mililita 250 za maziwa ya baridi mpaka mabonge yaishe, kisha naweka kwenye moto mdogo huku nikikoroga mpaka ushike, mwiko ukipita uache njia chini ya sufuria. Naepua, naacha upoe kabisa. Uji huu ndio unaofanya skonzi ziwe laini hadi kesho yake, kwa sababu wanga ukishapikwa hushika maji mengi kuliko unga mbichi, na hauyaachii upesi hata ndani ya oveni. Njia hii imepata jina duniani kupitia waokaji wa Japani na China, lakini mtoto aliyekua kwa uji hahitaji kufundishwa jinsi ya kuukoroga.

Kwenye bakuli kubwa naweka unga uliobaki, sukari gramu 140, chumvi vijiko viwili vya chai, hamira kipakiti kimoja cha gramu 11, mayai mawili, ule uji uliopoa, na maziwa kama mililita 300. Pembeni nabakiza mengine kidogo kwenye kikombe, nisikie kwanza unga unasemaje. Siagi gramu 140, iliyolainika lakini haijayeyuka, inaingia mwisho, donge likishashikana. Mwanzoni litateleza mkononi na utadhani limeharibika. Endelea. Baada ya dakika kumi na tano za kukanda kwa mkono linakuwa laini kama ndewe ya sikio, ukilivuta linanyooka bila kukatika.

Hicho kikombe cha pembeni kina sababu yake. Wifi yangu anayeishi Dar anatumia vipimo hivihivi na huwa hakigusi. Sisi tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mwaka hewa ya hapa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Unga uliokaa kabatini Dodoma tangu Agosti umekauka kuliko wa Dar unaoshinda kwenye unyevu wa pwani, kwa hiyo unakunywa zaidi. Mvua zikishaanza kweli mwezi wa Desemba, unga nao unavuta unyevu na kikombe kinarudi na maziwa yake. Hakuna mapishi yatakayokuambia hili, mkono ndio utakaokuambia. Hewa kavu ina lingine pia: donge likiachwa wazi hata kwa muda wa kupokea simu, juu linafanya ngozi, na ngozi ile haiumuki, inachanika. Lifunike muda wote, kwa mfuko safi wa plastiki au kitambaa kibichi kilichokamuliwa.

Wageni huwa wananiuliza pia kuhusu maji. Maji ya bomba ya hapa kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na aliyetoka kwingine huisikia chumvi yake kwenye chai ya kwanza. Mimi nakandia maziwa, hayanihusu.

Sasa hamira, na hapa ndipo penye maneno. Mapishi mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Yanakuambia utumie maziwa vuguvugu na uweke donge mahali penye joto. Dodoma mwezi wa Desemba nyumba nzima ni mahali penye joto. Mchana ni nyuzi 30 na kidogo, na jioni ya tarehe 24 jikoni kuna supu inachemka tangu saa tisa. Ukimpa mdudu wa hamira joto lote hilo pamoja na maziwa vuguvugu, utalala umeacha trei mbili za skonzi nadhifu na kuamka umekuta shuka moja lililovimba, limegusa sakafu ya rafu ya juu, na likiingia kwenye oveni linashuka badala ya kupanda. Donge lililopitiliza lina harufu kama ya togwa lililokaa, na halina dawa ya maana zaidi ya kulikaanga kama maandazi.

Kwa hiyo mimi nafanya kinyume. Maziwa natoa moja kwa moja kwenye friji. Hii hamira ya chenga ndogondogo inayochanganywa kavu na unga haihitaji kuamshwa kwenye maji ya moto, kukanda peke yake kunalipasha donge joto la kutosha. Kipakiti kimoja kwa kilo nzima, si viwili kama ambavyo ningefanya kwa mikate ya kuoka siku hiyohiyo. Donge linaumuka mara ya kwanza kwa dakika 45 hivi, saa nzima kukiwa na ubaridi wa mvua, na silingoji lifike mara mbili. Likionyesha limevimba nusu, linatosha, nalisukuma. Kazi iliyobaki litaimalizia usiku kwenye friji, polepole, na ule upole ndio unaoleta ladha. Skonzi iliyolala kwa muda wa saa saba hadi kumi na mbili ina utamu wa ngano ambao ya saa mbili haina.

Friji nayo si friji ile unayoijua siku za kawaida. Usiku wa kuamkia Krismasi imebeba nyama ya mbuzi iliyotiwa viungo, soda kreti zima, matango, maziwa, na dawa ya macho ya babu. Watoto wanaifungua kila baada ya dakika. Ubaridi wa nyuzi 4 unaoandikwa kwenye mapishi ni wa friji iliyotulia, ya kwetu usiku ule haifiki hapo mpaka watu walale. Tumefanya sheria: soda zote zinatoka, zinakwenda kwenye beseni la barafu nje barazani, anayetaka kinywaji aende huko. Rafu ya chini ni ya trei, sukuma mpaka ziguse ukuta wa nyuma, ambako ndiko penye baridi ya kweli. Na zifungwe vizuri kwa plastiki, kona zote. Mbuzi aliyelala na kitunguu saumu hapendi kukaa peke yake, na siagi hushika harufu kuliko kitu chochote jikoni.

Mdalasini nanunua wa magome, Soko la Majengo, kwa wauza viungo. Ule wa unga wa kwenye vipakiti haujulikani umekaa dukani tangu lini, na mdalasini uliosagwa ukikaa hubaki rangi tu. Ukiangalia magome utaona aina mbili. Kuna lile gome nene, gumu, lililojikunja mkunjo mmoja, ukijaribu kulivunja linakuumiza kidole. Hilo ni kasia, lina ukali, na kwa kweli ndilo linalouzwa zaidi duniani. Na kuna lile jembamba lenye matabaka mengi ndani yake, linavunjika kwa kubonyeza, harufu yake ni ya upole na ina utamu. Hilo ndilo linalolimwa Zanzibar na kule Muheza. Mimi nachanganya, zaidi jembamba na kasia kidogo kwa ajili ya kishindo. Nalikausha kwenye kikaango kikavu kwa muda mfupi, nasaga kwenye mashine ya viungo, nachekecha. Jikoni kukinukia hivyo kila mtu anajua tarehe imefika.

Mdalasini hauingii kwenye donge. Shemeji mmoja mwenye kupenda sana alitaka nitie ndani pia ili, kwa maneno yake, usikimbie. Lakini mdalasini una mafuta yanayoibana hamira, ukitiwa mwingi ndani ya donge, donge linaumuka kwa kusuasua. Kazi yake iko kwenye kujaza: siagi laini gramu 150, sukari gramu 250, mdalasini vijiko vinne vya chakula, chumvi ya kubana kwa vidole, na kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano. Sukari yetu ya dukani ina chenga kubwa, kwa hiyo naizungusha kidogo kwenye blenda, isiwe vumbi, iwe tu ndogo. Ule unga una kazi yake. Sukari ikilala na donge usiku kucha inavuta maji, na asubuhi unakuta sharubati imekusanyika chini ya trei, ndani ya skonzi kumebaki harufu. Unga kidogo unaishikilia palepale. Na siagi isiyeyushwe, ya maji hutoka nje ukianza tu kuviringisha.

Kusukuma kunaanza kama saa mbili usiku, jua limeondoka kwenye kuta. Nagawa donge mara mbili. Kila nusu inasukumwa kwenye meza mpaka iwe mstatili wa sentimita 30 kwa 45, unene usiopungua nusu sentimita. Hapa ndipo wa Dar wanapolipa nauli yao. Wifi anasukuma, mimi napaka, watoto wananyunyiza sukari, na mdogo kuliko wote analamba anachodhani hatujakiona. Unaacha ukingo wa upande mmoja mrefu bila siagi, ndio utakaogundisha. Unaviringisha kuanzia upande wa pili, kwa kubana kidogo tu. Ukikaza sana, katikati kunachomoza juu wakati skonzi zinaiva, kwa sababu donge halina pa kupanukia.

Kukata ni kwa mama mkwe. Nilizoea kutumia kisu, siku moja akakichukua mkononi mwangu akakiweka pembeni.

"Mwanangu, kisu kinakanyaga. Niletee uzi."

"Uzi gani, mama?"

"Wa kushonea. Mweupe, usitoe rangi."

Akaukunja mara mbili, akaupitisha chini ya lile gogo la donge, akainua ncha zote mbili, akazipishanisha juu na kuvuta. Kipande kikakaa chini, duara kamili, mistari ya mdalasini inahesabika. Hakuna kilichobonyea. Aliyejifunza kukata mkate wa ugali kwa uzi hana la kushangaa, akasema, na akaendelea bila kunitazama. Kila gogo linatoa vipande 12, vya upana wa vidole viwili vinono. Tunapanga kwenye trei iliyopakwa siagi, tunaacha nafasi ya kidole kati ya kimoja na kingine, maana lazima viumuke na kugusana. Kugusana ndiko kunakozifanya mbavu za skonzi zibaki laini. Saa nne usiku zimelala, meza imefutwa, na aliyepangiwa zamu ya asubuhi amekwisha kutajwa kwa jina ili asije kusema hakusikia.

Zamu ya asubuhi ni hii: saa kumi na moja toa trei kwenye friji, ziache mezani zikiwa zimefunikwa. Zitatoka zikiwa baridi na zimenuna. Desemba zinahitaji kama dakika 45 kuamka, ukizibonyeza kwa kidole kishimo kinarudi polepole, si upesi wala si kubaki. Washa oveni nyuzi 180, ipate moto kweli, ndipo uziweke. Dakika 25 hadi 30. Nyingi huonekana zimeiva juu wakati zile za katikati ya trei bado, kwa hiyo mimi huinua moja ya katikati kwa uma na kuchungulia ubavu wake. Ukionekana una nyuzinyuzi kavu, toa. Ukionekana unang'aa, funika kwa karatasi ya foili na urudishe. Katikati ya yote hayo mtu anaoga, anavaa, ananyoosha shati. Saa kumi na mbili na nusu watu wanakunywa chai ya maziwa ya tangawizi wamesimama, na saa moja kasoro wote tuko njiani, mama mkwe akiwemo, kanga yake haina doa.

Hiyo ni asubuhi yenye umeme. Desemba ni mwezi wa radi, na umeme kukatika usiku wa sikukuu si habari ya kushangaza mtu. Friji ambayo haikufunguliwa hushika ubaridi kwa muda wa kama saa nne, zaidi kidogo ikiwa imejaa, kwa hiyo amri ya kwanza giza likiingia ni mtu asiguse mlango. Amri ya pili ni mkaa.

Nimejifunza kuoka kwa mkaa kwa kumtazama mama mkwe, wala si kazi ya kubahatisha. Anachukua sufuria kubwa pana, anamwaga chini mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, anaifunika na kuiweka jikoni ipate moto. Kabla ya kuingiza chochote anadondosha unga kidogo kwenye kifuniko cha bati na kukiweka ndani juu ya ule mchanga. Ukigeuka kahawia kwa utaratibu, moto uko sawa. Ukiwa mweusi palepale, anatoa makaa chini. Ndipo anaingiza sufuria ndogo yenye skonzi, anafunika ile kubwa kwa sinia, na kupalia makaa juu. Chini makaa machache, juu mengi, kwa sababu joto la chini halina pa kwenda ila kwenye skonzi, na la juu nusu yake linapotea hewani. Hafunui kabla ya dakika 20. Ananusa. Skonzi zile zina rangi ya madoadoa, upande mmoja kahawia kuliko mwingine, na ngozi yake ina moshi kidogo ambao oveni ya umeme haitaupata kamwe. Wajukuu wake wakubwa wanasema wazi kuwa wanazitaka za mkaa hata umeme ukiwepo. Anajifanya hasikii, lakini tarehe 24 utakuta mchanga umekwisha kuchekechwa na uko kwenye ndoo.

Kwa asiye na friji, au ambaye ya kwake imejaa nyama ya watu, kuna njia ya kuoka nusu. Jirani yetu wa mtaa wa Kisasa anaitumia na mimi naipendekeza kwa moyo mmoja. Unakanda mchana, unaacha ziumuke mara zote mbili kama kawaida, usiku unazioka kwa nyuzi 180 kwa dakika 16 au 17 tu, ziwe zimesimama lakini bado nyeupe juu. Unaziacha zipoe kabisa, unafunika. Asubuhi zinarudi motoni dakika kumi, zinapata rangi na nyumba inanukia kana kwamba zimekandwa alfajiri. Ladha si ya kina kama ya zilizolala baridini, lakini hakuna kinachoweza kuharibika usiku, na hilo peke yake ni usingizi mzuri.

Juu yake watu wa Marekani hupaka jibini laini iliyochanganywa na sukari. Hapa mjini utaipata kwenye supamaketi kwa bei ya kukufanya uirudishe rafuni. Sisi tunachanganya sukari ya unga vikombe viwili, maziwa vijiko vitatu na maji ya nusu ndimu, tunaimwaga skonzi zikiwa vuguvugu. Ndimu ni muhimu, bila yake utamu unakuwa juu ya utamu. Mwaka ambao kuna asali nzuri ya Manyoni au Itigi, natia kijiko kimoja cha asali badala ya sehemu ya maziwa, hapo ndipo hata wasiopenda vitu vitamu hurudi na sahani.

Zabibu kavu zinatugawa. Mimi nikiwa mtu wa kuja Dodoma naona ni aibu kuishi mji wa zabibu na kuoka mkate wa sikukuu bila zabibu. Huwa nanunua kwa wakulima wanaouza zilizokaushwa hapahapa, mwezi wa Agosti viwanja vya Nanenane vya Nzuguni, nazifungia kwenye chupa mpaka Desemba, na usiku ule naziloweka kwenye chai ya rangi ya moto ili zisinyonye maji ya donge. Waliozaliwa hapa ndio wanaozichambua na kuziacha kando ya sahani. Tumekubaliana trei moja ina zabibu, nyingine karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Karanga ni za shamba la mama mkwe upande wa Kongwa. Ni palepale Kongwa ambako Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga, wakashindwa na ardhi na mvua, wakaacha mwaka 1951. Bibi mwenye jembe la mkono anapata magunia yake na bado anabakiza za skonzi. Yeye mwenyewe hana hadithi ndefu juu ya hilo. "Walipanda bila kuuliza," husema, halafu anaulizia chai.

Kwa sikukuu nyingine nabadilisha saa tu. Eid naoka kwa ajili ya ndugu wa Kondoa, na kwa kuwa siku yake inategemea mwezi kuandama, nazioka nusu na kuziweka kwenye freeza mapema. Mwezi ukitangazwa usiku, zinatoka freeza, asubuhi zinamaliziwa motoni. Ni tarehe isiyo na uhakika ndiyo iliyonifundisha kugandisha, na zinakaa wiki mbili bila kubadilika. Julai ni kinyume cha Desemba, usiku wa Dodoma unashuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unapiga madirisha, na donge linakaa tu bila haraka. Hapo natumia maziwa vuguvugu kama mapishi yanavyosema, na naongeza muda wa asubuhi mpaka ufike dakika 90.

Zinazobaki, kama zipo, hazirudi kwenye friji. Friji hukausha mkate uliokwisha kuiva kuliko kabati. Zifunikwe mezani, na tarehe 26 ziwekwe kwenye kikaango chenye mfuniko, moto mdogo, na kijiko cha maji pembeni ya kikaango, dakika nne zinarudi kuwa laini. Za shemeji wa Kondoa nazifunga kwenye boksi bila ile sukari ya juu. Naiweka pembeni kwenye kichupa, ajipakie mwenyewe akifika, kwa sababu basi la mchana lina joto na mwaka fulani ilishuka mpaka kwenye suruali ya abiria wa kiti cha mbele.